Ghati Anakufa Jumamosi

Jumatatu, 1 Septemba 1975

Nimedanganya. Nianze na hilo, maana daftari hili halijui njia ya kwenda ofisi ya Chama.

Asubuhi alipita Bwana Utamaduni wa Wilaya na pikipiki yake kutoka Mugumu. Kauliza kijiji chetu kitaonyesha nini Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, Mkuu wa Wilaya akija kukagua vijiji vya ujamaa. Stanslaus, mpiga litungu wetu, lile zeze la nyuzi nane, akafungua mdomo aseme ngoma. Ngoma! Kila mwaka ngoma! Kila mwaka Stanslaus! Nikamwahi. Nikasema safari hii tuna mchezo wa kuimba, wa Kizungu, wa huzuni, wanaimba tangu mwanzo hadi mtu afe. Kauliza kikundi kipo? Nikasema kipo. Watu arobaini.

Hakuna hata mmoja.

Mwenyekiti Heche alisubiri pikipiki ipotee kwenye vumbi. Kisha akashusha sauti. Heche akipiga kelele hana neno. Akishusha sauti, kimbia. Kasema nikimwaibisha mbele ya Mkuu wa Wilaya, ukatibu wa utamaduni atapewa Stanslaus, nami nitakwenda shamba jipya la mihogo, mpakani na hifadhi, upande wa Ikoma, nikafukuze tembo. Mlinzi aliyetangulia alikaa siku tatu. Alirudi bila viatu. Mpaka leo ukigonga sufuria anapanda kitandani.

Tembo! Mimi naogopa hata ndama. Hapa nyumbani anayewafunga ni Teresia, mke wangu.

Alhamisi, 4 Septemba

Mchezo nimeupata. Zamani, nikiwa mpishi wa padri wa Kiitaliano kule misheni, alikuwa akipiga santuri moja kila Jumapili baada ya chakula, na kulia. Alinieleza kisa. Binti wa mfalme anapenda kijana maskini. Baba hataki. Binti anakunywa sumu, anaimba kwa muda mrefu sana, mwisho anatoa sauti moja ya juu ajabu, anakufa. Kijana anafika amechelewa.

Nimeugeuza uwe wa kisasa. Mfalme sasa ni kabaila mwenye ng'ombe mia mbili, amegoma kuhamia kijijini. Kijana ni dereva wa trekta la kijiji. Sumu ni dawa ya josho. Dereva ni mimi, kwa kuwa nina viatu. Kabaila ni mzee Simioni. Nilimwamkia shikamoo mara mbili ndipo akakubali, ila kauliza jambo: mura, yaani kijana, mtu aliyekunywa dawa ya josho anapata wapi pumzi ya kuimba? Nikamwambia ndiyo sanaa. Kasema ng'ombe wake mmoja aliwahi kuinywa na hakuimba chochote.

Heche kasoma karatasi zangu, akatokwa jasho. Nani anakufa? Mkulima? Ndani ya kijiji cha ujamaa? Kwa huzuni? Katibu Kata akiuliza, atasema nini? Nikatetemeka na mimi. Wawili tukatetemeka pamoja kwenye benchi moja. Tumekubaliana binti afe akiwa ameshika jembe.

Jumamosi, 6 Septemba

Binti ni Ghati. Ana watoto sita, ni mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, amefika herufi ya M. Lakini sauti! Akiita ng'ombe huku, wa ng'ambo ya mto wanainua vichwa.

Shida ni ile sauti ya mwisho. Nilimwimbia kama santuri. Ghati kanitazama, kaweka jembe chini. Kasema Mwalimu, hilo ni yowe.

Ni kweli, ni yowe. Yowe lenyewe, la wezi wa ng'ombe. Huku yowe likipigwa, kila mwanamume anayelisikia anaacha hata uji mdomoni, anachukua upinde na mkuki, anakimbilia liliko. Naye anapokea yowe, analipeleka mbele, mpaka kata nzima iko mbioni. Asiyeitikia anatozwa faini. Anayelipiga bure anaitwa kwenye iritongo, baraza la wazee wote. Ghati kasema yowe halichezewi, lina kazi yake.

Ningeweza kuibadilisha sauti. Lakini padri alilia kwa sauti ile! Bila hiyo ni kwaya tu.

Nimepata njia. Atafanya mazoezi kichwa kikiwa ndani ya mtungi.

Jumanne, 9 Septemba

Mtungi unafaa. Sauti inatoka kama nyuki. Tatizo, leo kichwa kiligoma kutoka. Tulimpaka samli. Mumewe alikaa pembeni na fimbo, akinitazama mimi tu. Nilikwenda chooni mara nne.

Heche kaamua: siku yenyewe hakuna mtungi, Mkuu wa Wilaya haji kutazama chombo cha maji. Kwa hiyo vijiji vitatu vya jirani viandikiwe barua kuwa Jumamosi mtasikia yowe, ni mchezo, karibuni, acheni silaha nyumbani. Heche kaandika mwenyewe, kagonga muhuri, kanikabidhi nizipeleke.

Mbili nimepeleka. Ya tatu ni ya kijiji cha ng'ambo ya mto. Huko ndiko kwa wakwe zake Stanslaus. Hao wakialikwa watakuja na ngoma yao nzima, watampokea mkwe wao kwa vigelegele, na Mkuu wa Wilaya atasahau kuna mtu anaitwa Joram. Nimeikunja barua. Nimeiweka humu humu, katikati ya daftari. Mto ni mpana. Hawatasikia.

Alhamisi, 11 Septemba

Usingizi hakuna. Teresia kauliza nimeficha nini, maana nikificha kitu nakula haraka haraka. Nikasema sijaficha. Kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu methali zimepitwa na wakati, sasa ni zama za sayansi.

Nimekwenda mtoni kuupima upana. Si mpana sana. Kiangazi hiki umekuwa kama mfereji. Niliona mtu upande wa pili anapiga chafya. Nikasikia.

Bado kuna muda wa kuipeleka barua. Lakini ningemwambia nini Heche, imechelewa kwa sababu gani? Na Stanslaus leo kanicheka hadharani. Kasema dereva gani wa trekta anaogopa mbuzi. Barua inabaki hapa hapa.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa nyuma ya ghala. Jana. Ee Mungu, jana.

Mkuu wa Wilaya alifika saa tano na Landrova. Mnene, mpole, kofia nyeupe. Akakaa nyuma ya meza yenye kitambaa na maua ndani ya chupa. Mambo yakaanza vizuri! Simioni aliimba ukabaila mpaka watu wakamzomea kwa hasira ya kweli. Stanslaus alipiga litungu mbio mbio makusudi, ili nikose pumzi. Nikakosa.

Kisha Ghati akanywa dawa ya josho (uji wa ulezi, ndani ya chupa). Akaanguka na jembe lake. Akaimba. Watazamaji wakaingiwa na wasiwasi. Mbona haendi zahanati? Wamama watatu wakaingia uwanjani na kibuyu cha maziwa, wakampanua mdomo, wakammiminia, maana aliyekula sumu hupewa maziwa. Akameza, akaendelea kuimba. Mkuu wa Wilaya akafuta machozi. Nilimwona! Kama padri!

Ndipo akatoa ile sauti.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nywele zilinisimama. Nikajisemea Joram, wewe ni mtu mkubwa.

Halafu ng'ambo ya mto yowe likajibu.

Na la pili, mbali zaidi. Na la tatu, huko mlimani. Watu wetu walijua la Ghati ni mchezo, lakini hayo mengine hayakuwamo kwenye mchezo! Wakasema wezi wameingia kweli. Wanaume wote wakaruka benchi, wakakimbilia mikuki yao majumbani. Simioni akakimbia na kilemba cha ukabaila kichwani. Kufumba na kufumbua vumbi likapanda kutoka mtoni, wakatokea wakwe zake Stanslaus, labda mia mbili, pinde zimevutwa, mishale ina sumu ya kweli, si uji.

Wakakuta nini? Mwanamke amelala chini, amekufa, maziwa yanamtoka mdomoni. Na juu yake mtu amesimama, amevaa viatu.

Wakauliza nani kamuua. Nikamwambia Ghati inuka, mama, inuka! Hakuinuka. Wiki nzima nilikuwa nikimfokea kwamba maiti haiinuki mpaka wimbo uishe. Wimbo haukuwa umeisha. Mwanafunzi mtiifu kuliko wote wa kisomo!

Nikaingia chini ya meza. Nikajifunika kitambaa. Nilisali sala zote, hata za kubariki chakula. Mara mtu mzito akaanza kuingia upande wa pili. Nikamwambia pamejaa. Akasukuma. Nikampiga teke la kifua, akatoka. Kofia yake ikabaki ndani, na mimi. Kofia nyeupe.

Aliyetuokoa ni Stanslaus. Naandika hili kwa uchungu. Alisimama katikati ya mishale ile, wala hakutikisika, akapiga litungu wimbo wa arusi yake mwenyewe. Wakwe wakamtambua. Pinde zikashuka. Ghati, akisikia muziki umebadilika, akaketi na kuuliza Mwalimu, je, nimekufa vizuri? Watu mia mbili waliokuja kupigana na wezi wakatimka mbio kurudi mtoni.

Jumatatu, 15 Septemba

Iritongo leo. Wazee wote, na Heche, na sauti yake chini kabisa. Wameuliza swali moja tu: kijiji cha ng'ambo kilipewa barua?

Nikasema nilipeleka. Wakasema hawakuipata. Nikasema ninao ushahidi, mimi ni mtu wa kumbukumbu, kila jambo naliandika kwa tarehe. Nikaenda mbio kuchukua daftari hili. Nikasimama mbele yao, nikalifungua kwa madaha kwenye Jumanne tarehe tisa.

Barua ikadondoka.

Ikadondoka polepole, muhuri juu. Simioni akaiokota, akampa Heche. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mume wa Ghati alisema jambo moja, akiwa ameketi: mshale mmoja ungeponyoka, watoto wangu sita wangekuwa wanalia kweli. Nilitazama chini.

Nimetozwa mabeberu wangu wawili, wameliwa na walioitikia yowe, wakiwemo wakwe. Stanslaus ndiye Katibu wa Utamaduni. Mkuu wa Wilaya ameleta salamu kwamba anaomba kofia. Keshokutwa naondoka. Ikoma.

Teresia kanifungia mzigo. Hakusema methali yoyote. Kaweka viatu jozi mbili.

Jumamosi, 20 Septemba

Shamba la mihogo. Naishi juu ya dungu la miti minne, urefu wa mtu na nusu. Tembo ni mrefu zaidi ya hapo. Niliuliza.

Msimamizi wetu ni mzee Machage. Yeye na walinzi wenzake kumi wanakaa kambini, mwendo wa kuvuta sigara moja. Kanipa amri rahisi: tembo wakija, piga yowe, tutafika wote na madebe na mioto. Nimeshukuru. Nimelala kidogo.

Jumanne, 23 Septemba

Wamekuja! Mchana kweupe, saa tisa, tembo saba na mtoto mmoja. Masikio kama milango. Dungu likatikisika kwa jinsi nilivyotetemeka.

Nikapiga yowe. Nikapiga la pili. Nikapiga mpaka koo likapasuka. Hakuna aliyejibu. Hakuna debe, hakuna moto, hakuna mtu. Tembo wakala mstari wa kwanza. Wakala wa pili. Mmoja akaja mpaka chini yangu, akanyoosha mkonga, akachukua kiatu changu, akakinusa, akakitupa. Nililia kwa sauti, nikimwita Teresia. Nilijua leo nakufa, peke yangu, na watu wanasikia.

Walipoondoka, ndipo Machage akaja, taratibu, akitafuna muhogo wa kuchoma. Kapanua mdomo alipoona shamba. Kasema yowe walilisikia vizuri sana, wote kumi na mmoja. Walianza hata kuinuka. Ndipo mmoja akasema kaeni, ni yule Mwalimu wa mchezo, yuko kwenye mazoezi. Habari zilinitangulia na gari la mizigo. Kasema waliikubali kabisa sauti, hasa pale mwishoni nilipomlilia mke.

Nimekaa juu hapa, nikafikiri sana. Na sasa nimeliona kosa langu. Nimeliona wazi kabisa.

Mchezo ulikuwa na watu wachache.

Jioni hii amepita dereva wa Landrova ya hifadhi. Kasema mwezi ujao kuna wageni wakubwa hotelini, wanatafuta burudani ya kienyeji. Kauliza kama huku mashambani kuna kikundi chochote. Wazo likanijia hapo hapo: binti wa mlinzi, tembo anakula shamba, binti anapiga yowe, hakuna anayekuja, anakufa. Huzuni tupu! Ghati nitamwandikia barua kesho.

Nimemwambia kikundi kipo. Watu sitini, na tembo wao.