Vidonge vya Kopo la Vifungo

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki leo. Foleni mpaka mlangoni. Na nani amekaa mbele yangu? Kinyozi wa duka la jirani! Ana kisukari kama mimi, ila yeye anakivaa kama nishani. Kila mwezi kipimo chake ni sita nukta kitu, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Sita Nukta. Leo ametoka chumba cha vipimo akitangazia benchi zima: sita nukta moja. Mimi kumi na nne. Muuguzi alisoma kwa sauti. Kwa sauti, jamani!

Daktari amebadilisha dawa. Zile aina mbili nilizokuwa nameza mbalimbali, sasa zote zimo ndani ya kidonge kimoja. Asubuhi na jioni, pamoja na chakula, nisiruke mlo, na vile vya zamani niviache. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema sana. Kumbe nilikuwa nawaza namna ya kumpiku kinyozi.

Jioni binti yangu amepiga simu. Ni mwalimu, anaishi mji mwingine. Amesema kipimo cha mwezi ujao kisiposhuka anakuja kunichukua. Duka la ushonaji nifunge, nyumba tutafute mpangaji. Eti tangu mama yake afariki nimekuwa mtoto mdogo. Nikamkumbusha ni nani aliyemzaa mwenzake. Akasema ndiyo baba, shikamoo baba, lakini nakuja.

Sitoki hapa. Upande wa kitanda wa mke wangu bado una mto wake. Nani atauangalia?

Jumanne, 4 Machi

Vile vidonge vya zamani. Marehemu alikuwa akizikata zile karatasi za vidonge kwa mkasi wangu wa kitambaa, kipande kimoja kimoja, kila kipande dozi yake. Kisha anazungusha pembe zisinichome vidole. Anaviweka kwenye kopo la vifungo, juu ya cherehani, ili nisijifanye nimesahau. Kabla ya kulazwa alikata vingi. Hakusema kwa nini vingi. Mimi nikamcheka, nikamwambia amegeuka fundi kunishinda.

Kopo bado limejaa. Sasa daktari anataka nivitupe. Nitupe kazi ya mikono yake?

Halafu akili ikanijia, na mimi nikija na akili huwa nimekuja kweli. Nitameza cha daktari na nitameza cha mke wangu. Daktari ataridhika, marehemu ataridhika, sukari itaporomoka. Sita Nukta atajua hajui!

Alhamisi, 6 Machi

Mambo mazuri! Nimepita kwa kinyozi nikijifanya nataka kunyolewa ndevu. Ana mashine yake ya kupimia sukari, anaiweka kati ya wembe na poda, wateja waione. Nikanyoosha kidole. Nane! Kutoka kumi na nne!

Akakodoa macho. Akaniuliza siri ni nini. Nikamwambia nidhamu tu, bwana. Akasema yeye nidhamu hana hata kidogo, ila mke wake anamkagua sahani kama askari wa zamu, na bila yule mwanamke angekuwa kaburini zamani. Kisha akasikia alichokisema. Akachukua ufagio akaanza kufagia nywele, na sakafu ilikuwa safi.

Nikamuaga. Nyumbani nikapika wali. Bado sijui kupika wa mtu mmoja. Nikautazama wote ule, nikaufunika.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya kazini. Jasho jembamba, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio kama nimeiba. Nimeshona suruali ya mteja nikaufunga mguu mmoja chini kabisa. Amekuja kuijaribu hapohapo dukani, mguu wa kushoto umekwama ndani, anaruka kwa mmoja huku akinitukania ukoo. Nikamwambia ndio mtindo mpya. Hakucheka.

Nimekula biskuti kadhaa, nikatulia mara moja. Basi ni uzee tu. Au ndiyo dawa inafanya kazi, inaufukuza ugonjwa nao unatoka kwa kishindo.

Jumapili, 9 Machi

Mpango umeboreshwa. Ikiwa kwa chakula sukari imeshuka hadi nane, bila chakula itafika wapi? Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Tangu jana usiku sili. Wala si kazi ngumu. Tangu aondoke, chakula kinanifika kooni kisha kinauliza njia.

Binti akapiga. Umekula, baba? Nimekula, mama. Umekula nini? Uongo lazima upambwe, kwa hiyo nikasema wali na mboga, ila chumvi ilizidi. Akacheka, akasema chumvi ya mama hiyo, mama alikuwa anatia chumvi kama anahifadhi nyama. Nikacheka na mimi. Kisha yeye akaanza kulia, na mimi nikashindwa kujizuia. Tukalia wote wawili kwenye simu, kwa sababu ya mboga ambayo haikuwepo.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa kitandani, hospitali.

Jana asubuhi nilimeza cha daktari, nikameza na cha kopo, tumbo tupu, nikaenda kwa kinyozi kuchukua ushindi wangu. Nilikaa kwenye kiti chake. Baada ya hapo nakumbuka vipandevipande. Wanasema nilimwita kinyozi mama watoto. Nikamwomba msamaha kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Nikamuuliza mbona leo amevaa kanzu ya kazi, tunakwenda wapi.

Akanichoma kidole. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu niliona namba. Mbili nukta tatu! Nikasema nimekushinda. Ndipo kiti kikaondoka.

Alinishikilia kichwa, akaninywesha maji ya sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, mke wake akikimbilia gari. Nilipofungua macho alikuwa analia. Mtu mzima, wateja wanamtazama, povu la ndevu bado liko mkononi. Sikujua ananipenda kiasi hicho. Miaka yote nilidhani tunashindana.

Alhamisi, 13 Machi

Kinyozi ameleta kopo. Alilikuta juu ya cherehani alipokwenda kunifungia duka, akalipeleka moja kwa moja kwa mfamasia. Nikamwita msaliti. Akanijibu mficha maradhi kifo humuumbua, akaketi akanimenyea chungwa.

Mfamasia akaja kando ya kitanda. Kijana mpole. Akaweka kidonge kipya kwenye kiganja kimoja na vya kopo kwenye kingine. Akasema mzee wangu, hiki si mwenza wa hivi, hiki ndicho hivi. Dawa zilezile zimo ndani, kwa hiyo ulikuwa unameza mara mbili, na tumbo halina kitu cha kuitegemeza sukari. Akasema lingetokea ukiwa peke yako chumbani, usingeamka. Nikasema sawa. Alinitazama kama mtu aliyezoea kuambiwa sawa.

Mchana binti amefika. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, majibu yote yako tayari. Hakupiga kelele. Alichukua kopo, akatoa kipande kimoja, akapitisha kidole kwenye pembe zile za mviringo. Akajua mkasi wa nani. Akakaa miguuni kwangu. Akasema mama alikukatia hivi uishi, baba.



Akampa mfamasia vyote akaviharibu. Mimi nikageukia ukutani.

Jumapili, 16 Machi

Kwa binti yangu. Duka limefungwa. Kinyozi alibeba cherehani mpaka kwenye gari, hataki kusaidiwa, akaniambia nimpigie kila wiki nimtajie namba yangu, hata ikiwa mbaya. Mpangaji amekwisha kupatikana, lakini anaingia mwisho wa mwezi. Muda upo!

Hapa kidonge kinawekwa kando ya sahani, na binti anasimama mpaka nimeze. Mkwe naye ananihesabia matonge. Nimepimwa asubuhi: saba. Wote wakapiga makofi. Kesho nampelekea daktari wa huku namba nyingine. Akiona tano nukta kitu atasema huyu mzee amepona, arudi kwake, na binti hatakuwa na la kusema.

Kwa hiyo leo jioni kidonge nimemeza mbele yao, kama mtoto mwema. Chakula nikaomba nikalie chumbani. Kiko chini ya kitanda, kwenye mfuko.

Binti anauliza nyumbani nakimbilia nani, wakati hakuna mtu. Kweli, hakuna. Lakini pale hayupo mama yake. Hapa hakuna hata nafasi ya yeye kutokuwepo.

Mwandiko unaharibika, kalamu inacheza. Jasho pia. Mji huu una joto la ajabu. Ngoja nilale kidogo, nikiamka nitaendelea.