Waya Bubu

Sabuni hakuwa mtu wa kutafuta riziki. Alikaa mahali, riziki ikapita, akaisalimia. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye benchi la pale wanapoosha magari, hana gari, anasubiri lioshwe.

Jina la Sabuni alipewa na watu waliowahi kumkamata. Wote walisema kitu kimoja: ukimshika anateleza, ukimwachia unabaki na povu mkononi.

Likaingia gari la dalali wa viwanja, jeupe, pana, lenye kioo kwenye dashibodi kikubwa kama dirisha la choo. Pembeni yake alikaa mteja mwenye tai. Dalali akachomeka simu kwenye waya wa gari ili ichaji, na hapo ndipo alipoharibu. Kioo kikaamka, kikajipigia wimbo, kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusoma taratibu, kama anayetangaza msiba:

"Ujumbe mpya. Kutoka kwa, Mteja wa Kona. Kaka, kile kiwanja cha kona si nimeshalipia? Mbona nakuta watu wengine wanakipima?"

Mteja mwenye tai, ambaye alikuwa njiani kwenda kukilipia hichohicho cha kona, akafungua mlango, akashuka na viatu vyake kwenye povu, akaenda zake. Hata mlango hakuubamiza. Aliufunga kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyouma.

Dalali akabonyeza kioo kwa vidole vyote. Kioo kikamuuliza kama angependa kuonyeshwa njia ya kurudi nyumbani.

Sabuni akainuka.

"Pole, mzee."

"Pole ya nini?"

"Ya gari. Lina mdomo."

"Wewe ni fundi?"

"Fundi anafungua. Mimi nafunga. Nafunga midomo."

Dalali alikuwa mtu wa kuumizwa na neno hilo, maana mwezi huo gari lilikuwa limeshamfukuzia wateja kadhaa. "Nimejaribu kulizima," akalalamika. "Niliingia kwenye mipangilio, likaanza kusema Kichina. Wiki nzima nimeendesha Kichina."

"Basi usichaji humu."

"Nisichaji? Betri ya simu hii imezeeka, saa nne tu imeshalala. Na wateja wangu wakinikosa, wanaanza kutafutana wenyewe kwa wenyewe!"

Sabuni akaona hatari hiyo, akaiheshimu.

Sasa ukweli wenyewe ulikuwa mdogo. Waya wa kuchajia wa kawaida hubeba vitu viwili, umeme na maneno. Umeme unaingia kwenye simu, maneno yanashuka kwenye gari, na gari likishapata maneno halijui siri. Lakini zipo nyaya za bei ya karanga, zinazokuja na zile tochi za kuchaji, ambazo hubeba umeme peke yake. Muuza vifaa vya simu huziita mbovu kwa sababu hazihamishi picha. Sabuni alikuwa na boksi zima. Alipewa bure, kwa sharti la kuliondoa mlangoni pa duka.

Lakini nani atakununulia ukweli mdogo? Sabuni aliingia garini, akapandisha vioo, akaweka sikio kwenye dashibodi kama daktari.

"Limezaliwa mwaka gani?"

Dalali akataja mwaka.

"Enhe. Hawa wa mwaka huo ndio waongeaji." Akashusha sauti. "Punguza kupumua, linatusikia."

Dalali akapunguza kupumua. Sabuni akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa, akakifungua mkunjo kwa mkunjo.

"Waya bubu. Unatoka nje."

"Nje wapi?"

"Nje, mzee. Nje kabisa."

Hapo hakusema uongo. Ulitoka nje ya duka.

Akauchomeka. Simu ikaonyesha inachaji. Kioo kikabaki cheusi, kimya, kama mtoto aliyevunja sahani. Dalali akasubiri wimbo, wimbo haukuja. Machozi yakamlengalenga, mtu mzima.

Sabuni akataja bei. Muosha magari aliyekuwa karibu akadondosha brashi.

Dalali hakushtuka. Madalali hawashtuki wakisikia bei, wanaigeuza ardhi. "Mwanangu," akasema, "nikikupa fedha utakula. Una kwako?"

Kwake Sabuni kulikuwa ni kwenye kochi la dada yake, fundi wa kushona mapazia. Na jana yake dada alikuwa amesimama mbele ya kochi hilo na futi yake ya kupimia shingoni, akasema, "Mdogo wangu, mwezi ukiisha naingiza cherehani ya pili hapa. Itakaa ulipolaza kichwa. Tafuta pengine pa kukilaza." Dada hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

"Nina kiwanja cha kona," Dalali akaendelea. "Kwa ajili ya wema wako, waya nahesabu ni nusu ya bei. Nusu nyingine unaongeza."

Sabuni alikuwa na akiba yake, jasho la watu wengine la miaka mingi. Akaona amepata mjinga. Waya wa bure unakuwa nusu ya kiwanja! Alijizuia kucheka mpaka mbavu zikauma.

Wakaenda kukiona. Simu ilikuwa katikati yao, inachaji. Njiani ikawaka, ikatetemeka. Ikawaka tena. Dalali akaigeuza kifudifudi.

"Unaona?" Sabuni akasema kwa fahari. "Zamani hapo lingeshapayuka."

"Lingepayuka sana," Dalali akakubali.

Kiwanja kilikuwa na geti la chuma lenye kufuli jipya. Ukuta haukuwepo, ni geti tu limesimama peke yake, lakini wote wawili walipita getini, kwa heshima. Sabuni akalipa yote aliyokuwa nayo, akapewa ufunguo.

Siku ya pili akarudi na nguzo begani, anapiga mluzi. Getini akamkuta mwanamke kainama, anafungua kufuli. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni.

"Dada?"

"Wewe umenifuata huku kufanya nini?"

"Nimekuja kwangu."

"Kwako wapi? Hapa ni kwangu, nimelipa wiki iliyopita. Nilitaka nikujengee chumba uondoke kwenye kochi langu, nikasema nitakushtukiza." Akauona ufunguo mkononi mwa mdogo wake. Akautazama wake. Mapacha. "Jana nimempigia huyu dalali, nimemwandikia, hajibu. Simu yake inaita tu."

Sabuni akakumbuka ile simu iliyokuwa inatetemeka kifudifudi, kwa uwezo wa waya wake mwenyewe. Akakaa juu ya nguzo.

"Dada, nilikuwemo humo garini."

"Na hukusikia?"

"Gari lilikuwa bubu. Yaani, nililifunga mdomo. Dada, ni hadithi ndefu."

Kufuli hilo huuzwa na funguo tatu, na wa tatu ulikuwa unakuja. Gari jeupe likasimama, ndani yake mama mmoja amekumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Dada akajificha nyuma ya gari, simu mkono huu, nguzo mkono huu. Sabuni akainamia dirishani, anatabasamu.

"Mzee wangu, ule waya huwa unachoka siku ya pili. Nikubadilishie, bure."

Neno bure lilikuwa na nguvu kwa Dalali kuliko kumbukumbu. "Haraka basi, nina mteja."

Sabuni akachomoa waya bubu, akachomeka wa kwake mwenyewe, ule mzima, wa umeme na maneno. Kioo kikaamka, kikajipigia wimbo.

"Ujumbe mpya. Kutoka kwa, Fundi wa Mapazia. Mama uliye kwenye gari, usitoe fedha. Kiwanja hiki ni changu na cha mdogo wangu, na niko nyuma ya gurudumu na nguzo."

Mama mwenye mkoba akageuka nyuma. Nguzo ilikuwepo. Wajenzi wa kiwanja cha jirani wakaacha zege, wakaja na makoleo yao kusikiliza, maana gari lilikuwa halijamaliza. Lilikuwa na ujumbe wa Mteja wa Kona, wa mke wa Mteja wa Kona, na wa mwenye kiwanja hasa.

Dalali akarudisha fedha palepale, kwa simu. Simu ilikuwa na chaji ya kutosha. Katika hilo Sabuni alikuwa amemtendea haki.

"Na ya kwangu nitumie," Sabuni akasema, akatoa simu yake. Ilikuwa imezima. Waya wake ulikuwa kwenye gari la watu.

"Tuma zote kwangu," dada akasema. "Sisi ni damu moja."

Jioni Sabuni akakaa kwenye kochi, akakohoa kidogo.

"Dada, ile yangu."

"Ipi?"

"Ile ya kiwanja."

Dada alikuwa anapima pazia. "Kochi hilo umelilalia muda gani?"

Sabuni akafungua mdomo.

"Hiyo ndiyo kodi yake. Na cherehani ya pili haisubiri tena mwezi uishe, inakuja kesho, nimeshailipia. Chaji simu yako basi, waya upo hapo ukutani."

Sabuni akaichomeka. Waya ulikuwa mmoja wa wale wa kwenye boksi. Simu ikaanza kuchaji, haikusema neno, na yeye hivyohivyo.