Kome Sita wa Kijito Kimoja

Alhamisi, 31 Julai 2025
Nimerudi Kiogoro na chupa sita. Vijito sita, siku nne, viatu vimekwisha. Kila chupa ina kome mmoja, yule wa maganda mawili anayekaa topeni, amelowekwa kwenye spiriti asioze. Dkt. Nyakerario, mkuu wa maabara yetu mjini Kisii, atasoma jenomu zao aone nani ni ndugu wa nani. Amesema akipatikana kome asiye na jamaa wa karibu, aliyemwokota ndiye atakayempa jina. Nimeshachagua: Ochoki. Jina langu. Nyamusi, mwenzangu wa maabara, huandika daftarini kila mahali anapookota, na picha anapiga. Maringo. Mimi nimebandika vikaratasi vya majina ya vijito kwenye chupa, basi.

Ijumaa, 1 Agosti
Msiba. Mama alikuwa akisafisha nyumba kabla ya Sabato. Akafungua chupa moja, akanusa. Akanusa zote. Spiriti ameimwaga kwenye migomba, nyama amewapa kuku. Chupa amezisugua mpaka vikaratasi vikatoka. Nilipofika akaniuliza, omwana one, mwanangu, tangu lini mimi shemasi Kemuma nimelea mlevi? Nikasema ni sayansi. Akasema mjomba Mose naye alikuwa anaiita dawa.

Ningeweza kumweleza Daktari ukweli. Nimelifikiria hilo kwa dakika nzima. Nyamusi angecheka.

Jumapili, 3 Agosti
Suluhisho limepatikana. Kijito kilicho chini ya shamba letu kimejaa kome. Nusu saa tu, nimeokota sita mahali pamoja. Vikaratasi vipya: Itumbe, Nyaramba, na vingine vinne. Kome ni kome. Nani atamwuliza ukoo wake?

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekabidhi. Daktari amesema nimefanya kazi ya mtu mzima. Nyamusi ameuliza mbona tope la chupa zote lina rangi moja. Wivu huo.

Alhamisi, 28 Agosti
Majibu yametoka. Daktari amechora mti wa ukoo ubaoni. Kome wa Nyamusi wametawanyika kwenye matawi matano. Wangu wamebanana kwenye kijitawi kimoja, wote sita ndugu wa karibu, huenda wa mama mmoja. Akaniuliza kwa upole walisafiri vipi kutoka Itumbe hadi Nyaramba. Nikasema mafuriko. Akasema mafuriko hayapandi vilima. Nikakiri.

Kilichoniuma ni jibu lake. Ningesema siku ileile, angenipa spiriti nyingine na wiki moja ya kurudia. Kisha akauliza maganda ya wale wa kwanza yako wapi. Hata kinyama kikavu kinatosha, alisema.

Ijumaa, 29 Agosti
Daktari amekuja nyumbani mwenyewe. Maganda, Mama alishayatwanga akawapa kuku. Isipokuwa moja, analochotea chumvi. Ndani yake kulikuwa na kinyama kimeganda, na chumvi imekihifadhi. Daktari amelifunga ganda kwa pamba. Mama amedai kijiko kipya.

Alhamisi, 25 Septemba
Ganda la chumvi halina jamaa! Lina tawi lake peke yake, mbali na kome wote tulio nao. Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Daktari amesema jina litakuwa langu nikiwaonyesha alikotoka, maana ganda moja halitoshi, wanahitaji wengine walio hai. Akauliza ni kijito kipi kati ya vile sita.

Sikumbuki. Vikaratasi vilienda na maji ya kuoshea, na sikuandika popote. Nyamusi alikuwa amefungua daftari lake, kalamu mkononi, ananitazama. Ningeweza kusema sijui. Nimelifikiria hilo kwa dakika nzima.

Nikajibu Nyaramba. Sokoni kwao kuna chapati nzuri. Kesho tunaondoka saa mbili asubuhi, watu wanne na ndoo kumi. Kome asipopatikana huko, si neno. Nimeshaokota saba, wako mfukoni mwa koti langu la mvua, nitawadondosha majini wakati wengine wanakunja suruali. Na sirudii kosa lile la Agosti. Safari hii nimeokota kwenye vijito viwili.