Lugha ya Jimi

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu Eliud kapiga simu. Jumamosi anakuja kuchukua mke na mtoto, wanahamia Tunduma. Mtoto ni mjukuu wangu Tusekile, miaka mitatu. Ana jina la marehemu mke wangu. Lakini Kinyakyusa hana! Kiswahili tu, kama redio. Nataka aniambie ugonile kabla hajaondoka. Mara moja tu. Marehemu alinisalimia hivyo kila asubuhi.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza. Nimemwita, nimemsalimia. Kajifunika kanga ya mama yake, kakimbilia nyuma ya jiko.

Kaiga kwa mama yake. Queen, mkwe wangu, hanitazami, hasemi nami. Ndiyo heshima ya mkwe kwa baba mkwe. Wengi hapa Makwale wameacha. Mimi bado. Queen ni wa Songea, hakuijua, nilimfundisha mwenyewe. Kashika vizuri mno.

Nikitaka kitu namwambia mbwa, Jimi, kwa Kinyakyusa. Jimi, maji ya kuoga. Queen anasikia, analeta. Mwanzoni alileta chumvi. Siku hizi hakosei. Na asubuhi namsalimia Jimi. Nimsalimie nani mwingine?

Jumatano, 5 Juni

Kibarua cha kubeba kakao. Nimeomba tunda moja bivu. Watoto wanapenda kufyonza ule utamu wa mbegu. Mpango: aseme ugonile, apate kakao. Nimekaa mlangoni nalo, nimelipasua. Kachungulia. Kasogea. Kanyakua mbegu zote, kakimbia! Nimebaki na ganda.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeazima simu ya jirani yangu Ezekiel, ina kwaya za Kinyakyusa. Nimeiweka dirishani tangu asubuhi. Mtoto kacheza mpaka jasho. Neno hakutoa. Chaji imeisha, Ezekiel kanuna.

Jioni nikaenda dukani. Shamsa mwenye duka, mtu wa Tanga, kanicheka mbele za watu. Eti Tusekile akija kwake hanyamazi hata kwa pipi. Eti Baba Eliud, mtoto anaongea na yule anayeongea na mama yake, kaongee na Queen, shida yako imekwisha. Nimemwambia auze sukari. Mtu wa Tanga anifundishe Kinyakyusa!

Ijumaa, 7 Juni

Nimewahi kutoka kazini. Nyuma ya jiko mtu anaongea Kinyakyusa. Safi kabisa. Ugonile. Umekula? Njoo hapa, acha ujinga. Nikajua tuna mgeni.

Nimechungulia. Ni Tusekile. Kakaa chini na Jimi, anamgombeza kwa sauti nzito kama yangu. Mama yake kapita, kamgeukia kwa Kiswahili. Kamrudia mbwa, Kinyakyusa.

Nimetokea. Kajifunika.

Basi ndiyo hivyo. Kwa mtoto, Kinyakyusa ni cha mbwa. Kabla ya wiki hii hajawahi kukisikia kikisemwa kwa mtu nyumbani humu.

Queen kasimama palepale, kanipa mgongo. Nilitaka kumwambia, mwanangu, geuka. Nimemwambia Jimi amwambie. Nimesema chini chini. Queen hakusikia. Jimi kalala.

Jumamosi, 8 Juni

Wameondoka. Eliud kapakia magodoro. Queen kapita kainama. Tusekile kamkumbatia Jimi, kamwambia ndaga fijo, asante sana. Mimi kanichungulia tu ndani ya kanga.

Asubuhi nilikuwa nimejitayarisha kusalimiwa. Nilinyoa ndevu.

Jumapili, 9 Juni

Eliud kapiga. Mtoto analia. Nikafikiri ananitaka mimi. Anamtaka Jimi. Nimeongeza sauti, nimeweka simu sikioni kwa mbwa.

Ugonile, Jimi.

Jimi kapiga miayo. Mshenzi!

Ugonile, Jimi. Tena, kwa kilio. Halafu nyuma yake sauti ya Queen, Kinyakyusa cha kujikokota. Jimi, muulize baba, kala?

Ningeweza kujibu. Lakini mkwe ni mkwe. Nimechukua simu, nimebweka.

Tusekile kacheka! Kasema ugonile, mimi ndiye niliyeshika simu. Imehesabika. Mpango wangu umefaulu, nitamwambia Shamsa.

Queen kauliza tena, Jimi, baba kala?

Nimebweka tena. Sijala, lakini asije akahangaika.