Filamu Ile Ipigwe Marufuku, na Dirisha Letu Pia

Ndugu Mhariri,

Pole na kazi ya kusoma barua za watu wenye hasira. Hii ni nyingine, ila mwenzako nimejitahidi kuiandika nikiwa nimekaa.

Juzijuzi ulichapisha barua ya mume wangu, fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi mtaani kwetu. Alilalamika kwamba ile filamu ya vijana wezi, inayoonyeshwa kwenye banda la video mkabala na karakana yake, inawafundisha watoto wetu kuwa umaskini ni sifa, wizi ni ushujaa na ngumi ni lugha. Akataka ipigwe marufuku. Naunga mkono hoja hiyo kwa mikono miwili. Na kwa kuwa naishi na mleta hoja, ninao ushahidi ambao yeye, kwa unyenyekevu wake, hakuutaja. Naomba niupange kwa namba kama alivyofanya yeye.

1. Filamu hii inadhuru hata asiyeitazama. Mwenye banda, kijana mpole tunayemwita Mashine kwa sababu ya jenereta lake, alimfuata mume wangu karakanani akamkaribisha aingie bure, aitazame mpaka mwisho, kisha aseme lililo moyoni. Mume wangu akamjibu, "Sihitaji kunywa sumu ndipo nijue inaua." Jibu hilo liliwafurahisha sana wajumbe wa kamati, ambao nao hawajaiona. Kwa hiyo ujue, Mhariri, filamu hii imehukumiwa na watu wenye macho safi kabisa.

2. Inaharibu vyombo. Jioni moja tukiwa mezani, milio ya risasi ilisikika kutoka bandani. Mume wangu akasema, "Mnasikia wanavyowafundisha watoto fujo?" Akaitupa sahani ukutani. Sahani haikuwa na kosa lolote, ila ilikuwa karibu. Sasa kama mtu mzima mwenye familia, aliyesikia sauti tu, anafikia hapo, je, kijana anayeona na picha?

3. Inawaumiza mabinti. Binti yetu wa kwanza alikwenda kuitazama na rafiki yake. Baba yake alipopata habari, alivua mkanda ili amweleweshe kwamba fujo si njia ya kutatua mambo. Alimwelewesha neno kwa neno, na kila neno na pigo lake: fujo, haijengi, mtu, mwenye, akili, timamu. Namshukuru Mungu kwamba mume wangu si mtu wa hotuba ndefu. Kesho yake binti alikwenda shule amevaa sweta, jua likiwaka. Mwalimu wake alipomuuliza mkono umefanya nini, akasema ameanguka bafuni. Uone basi: filamu hii inafundisha na uongo.

4. Inavunja milango. Kamati ilipoona serikali inachelewa, mume wangu aliwaongoza wajumbe hadi bandani akiwa na nondo. Mlango wa banda alikuwa ameutengeneza mwenyewe, hivyo kuuvunja kulichukua muda. Ni fundi mzuri, hilo siwezi kumnyima. Ulipoanguka, Mashine alisimama mbele ya pazia lake la kuonyeshea filamu na kusema, "Mzee wangu, tuzungumze." Mazungumzo yakamtoa jino. Pazia likachanwa, viti vikatupwa nje. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga juu ya ukuta wa jirani, wakatazama bila kiingilio, na mwisho wakapiga makofi.

5. Sasa nije kwenye michezo yao. Zamani, banda likiwa wazi, watoto walikuwa wanaigiza filamu hiyo. Taabu yao kubwa ilikuwa kumpata mtu wa kuwa mwizi. Hakuna aliyetaka, maana mwizi anakufa, na kulala mavumbini huku wenzako wanakulilia kunachosha. Ilibidi wapokezane. Tangu mlango uvunjwe, wanacheza mchezo mpya unaoitwa Mwenyekiti, na hapo hakuna shida ya watu. Kila mmoja anataka kuwa mwenyekiti. Wanagombania fimbo ya kuwa nondo, na anayeikosa anakuwa Mashine. Kitindamimba wetu, ambaye bado hajaanza shule, hupewa fimbo bila kugombana, kwa haki ya urithi. Huwa anapaza sauti, "Nidhamu," ndipo anapiga.

Jirani yangu alimleta mwanawe mdomo umevimba. Akaniuliza, "Shoga, huyu wako anafundishwa na nani?" Nikamwambia, filamu. Akaniangalia sana. "Filamu gani, na banda limefungwa?" Nikamjibu kwamba sumu hukaa mwilini. Alimshika mwanawe mkono wakaondoka, na tangu siku hiyo nikimsalimu anaitikia akiwa anatazama pembeni.

6. Kwa hayo yote, naomba wahusika wasiishie kwenye filamu peke yake. Dirisha la sebule yetu nalo lipigwe marufuku, kwa kuwa linaonyesha mambo yaleyale, kila siku, na mhusika mkuu hapati adhabu. Mikanda iuzwe kwa kibali. Na mlangoni kwetu libandikwe tangazo kwamba ndani hamfai kwa walio chini ya miaka kumi na minane. Wanangu hawajafikisha, kwa hiyo itabidi watafutiwe pa kukaa. Nami niko tayari kujitolea kuwasindikiza.

Naamini ombi hili litafika panapohusika. Nawasalimu wapiga chapa, wasambazaji, na wasomaji wote wenye watoto na wasio nao.

Ni mimi, mwenye uchungu na maadili ya vijana,
Mshonaji, mke wa Mwenyekiti

Tanbihi: Barua hii ilikaa juu ya cherehani siku kadhaa nikisita kuituma. Wakati huo Mashine alilifungua banda tena. Pazia lake la sasa ni shuka mbili nilizoziunga mimi. Basi Jumamosi mchana nikamchukua binti yangu tukaingia, maana nami, kama mume wangu, nilikuwa sijaiona.

Risasi zimo, na umaskini umo. Kuna kijana anaiba, anasifiwa, ananunua viatu vizuri, na nilipoviona nikajisemea kumbe ni kweli, hapa ndipo wanapoharibika. Halafu wanamuua. Mama yake anakaa kizingitini anafua shati lake. Anafua, anamwaga maji, anachota mengine, anafua. Hakuna muziki wowote. Wale vijana walioingia wakisukumana na kupiga miluzi walitoka kimya, na mmoja akatushikilia mlango tupite.

Njiani binti akaniuliza, "Mama, yule mama alijua tangu mwanzo, siyo? Mbona alinyamaza?"

Kwa hiyo naomba ufute yote niliyoyaandika hapo juu. Filamu isipigwe marufuku. Mume wangu akileta barua nyingine ichapishe kama ilivyo, usimpunguzie neno. Ukitaka kunijibu, tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha. Ni ya dada yangu. Tuko hapa na watoto wote, na cherehani tumekuja nayo.