Ombi la Kuziba Mlango wa Mitokondria

Kwa Profesa, Mkuu wa Maabara,

Pokea heshima zangu zote, hata kama hukuziomba. Mimi ni baba wa yule binti mnayemfungia maabara kutwa. Mama yake moyo umechoka, akipanda ngazi anapumzika katikati, na mwanawe hayupo wa kumshika mkono. Nilimuuliza binti ni kazi gani hiyo isiyoisha. Akasema anachunguza jinsi kalsiamu inavyoingia na kutoka kwenye mitokondria, vile vijumba ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu za mwili. Mimi ni mlinzi wa geti la kiwanda, na niliyoyasikia yamenitia aibu kwa niaba yenu.

1. Utando wa nje wa vijumba hivyo una matundu, kalsiamu inajipitia tu. Hongereni. Ukuta wa namna hiyo hata mimi ningejenga, tena bila shahada.

2. Utando wa ndani una mlango na mlinzi wake. Kalsiamu ikija kidogo, anafunga. Ikija kwa wingi, ndipo anafungua. Mimi nikimzuia mgeni mmoja mpole kisha nikalifungulia kundi zima, kesho natafuta kazi.

3. Tena haiingii kwa kusukumwa. Yenyewe ina chaji chanya, ndani kuna chaji hasi, basi inavutwa. Yaani wenye nyumba ndio wanaovuta wageni, halafu mnamlipa mlinzi.

4. Kutoka sasa, ndiyo kichekesho. Kalsiamu haitoki mpaka sodiamu iingie badala yake. Kiwandani kwetu mtu akimaliza zamu haulizwi amemleta nani.

5. Ikijaa kupita kiasi, mitokondria inavimba na seli inakufa. Na hakuna aliyefukuzwa.

Kwa hiyo naomba mlango huo uzibwe kabisa, uchunguzi uishe, binti arudi kumtunza mama yake. Mkikwama niiteni, nitakuja siku yangu ya mapumziko.

Nisalimie wasaidizi wako, wafagizi, na wale panya wa maabara ambao nasikia wanakula kwa wakati.

Ni mimi, mwenye kujua geti,
Baba wa binti

N.B. Binti ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka mpaka mama yake naye akacheka. Kumbe kalsiamu ikiingia kwa kiasi ndipo moyo unapata nguvu ya kupiga. Anachotafuta huko kwenu ni namna ya kuizuia isijae kupita kiasi, kwa ajili ya mioyo kama wa mama yake. Nimeomba zamu ya usiku, mchana nitakaa na mgonjwa mwenyewe. Msizibe kitu, na binti msimwachie mpaka apate jibu.