Robo Tano za Pai Moja

Jumatano, 11 Julai 1962

Dharau! Mchungaji kaniambia nisipouza pai za dola kumi na mbili Jumamosi, kwenye gulio la kanisa, meza ya marehemu mke wangu Verna anapewa Mildred Kessler. Mildred! Yeye hukata pai vipande vinane, senti kumi na tano kimoja, na mtoto haambulii somo.

Kwa Verna pai ilikuwa dola. Kipande kimoja kati ya vinne, sarafu ya robo dola. Nusu pai, nusu dola. Aliyeleta senti kumi alikatiwa ukanda mwembamba, akaambiwa kanda kumi za namna hiyo ndizo pai nzima. Watoto aliwaimbisha: "Robo nne, sahani tupu!" Nusu ya mji huu walijifunzia hesabu ya pesa mezani pake.

Alhamisi, 12 Julai

Sahani za bati alizoacha ni kumi. Pai kumi, dola kumi. Zinapelea mbili. Nimekaa jikoni nikitazama kiti chake. Nyumba imepoa mno.

Kisha, akili! Nitakata kila pai vipande vitano, vyote niviite robo. Dola na robo kwa pai! Mwenye njaa hapimi.

Jumamosi, 14 Julai

Balaa. Mteja wa kwanza alikuwa Clyde Ransome, fundi magari, ambaye utotoni hakuondoka mezani hapa bila rojo ya pai ya cheri kidevuni. Akaweka robo dola nne mezani, moja moja, kama alivyofunzwa. Nikampa vipande vinne. Akachungulia sahani.

"Mzee Harlan, mbona dola imekwisha na pai haijaisha?"

Nikajibu kwamba imeumuka. Nilijitetea vibaya, najua.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mara watu wazima, wenye vipara na wajukuu, wakaimba: "Robo nne, sahani tupu!" Maneno ya Verna yaleyale. Nikampa Clyde kipande cha tano bure, na pai zilizobaki nikazikata nne nne, sawasawa. Dola kumi kamili. Nimeshindwa.

Mildred akaja na macho mekundu. Akamwambia mchungaji meza haitaki tena, ni ya Verna. Akaongeza: "Mwachie tu huyu mzee. Hata wizi wenyewe hauwezi."

Matusi hayo! Nusura nimkumbatie.

Jumapili, 15 Julai

Baada ya ibada nilikwenda kaburini kwa Verna, nikamsimulia yote. Ningetoa sahani zote kumi nisikie kicheko chake mara moja tu. Nikamwapia kwamba maisha yangu yote sitakata tena robo tano.

Na kiapo ni kiapo. Mwaka ujao nitauza kanda za senti kumi tu. Kwa haki ni kumi kwa pai. Lakini kanda nyembamba namna ile, nani atagundua ya kumi na moja?

Nimeshanoa kisu.